Rufani ina ngazi ngapi? Majibu kwa wasomaji watano

Barua tulizopokea safari hii karibu zote zinazungumzia rufani. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kugusa kiini chake. Nilianza kazi kama karani wa masjala ya mahakama kabla ya kusomea uwakili, na tangu siku hizo jambo ambalo limeniuma kuliko yote ni kumwona mtu mwenye haki yake akishindwa si kwa sababu hana hoja, bali kwa sababu aligonga mlango usio wake, au aligonga mlango wake siku ulipokwisha kufungwa. Ndiyo maana baadhi ya majibu haya nimeyaandika kwa urefu.

Swali: *Nilimkopesha mwenzangu magunia ya mpunga, akakataa kunilipa. Nilikwenda Mahakama ya Mwanzo nikashindwa. Jirani ananiambia niende moja kwa moja Mahakama ya Rufani kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Mzee mwingine anasema rufani ipelekwe kwa Mkuu wa Wilaya. Nimsikilize nani? – Msomaji, Kahama*

Jibu: Ndugu yangu wa Kahama, wote wawili wana nia njema, lakini ukimfuata yeyote kati yao utapoteza siku zako bure. Jina la Mahakama ya Rufani limewachanganya wengi. Kusikiliza rufani si kazi ya mahakama hiyo peke yake, kwa maana Mahakama ya Wilaya nayo husikiliza rufani, na Mahakama Kuu vilevile. Shauri lako limeanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo rufani yako ya kwanza inakwenda Mahakama ya Wilaya, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu inakupa siku 30 tangu tarehe ya hukumu. Ukishindwa hapo, ngazi inayofuata ni Mahakama Kuu, nayo unaiendea ndani ya siku 30 nyingine. Hapo lakini kuna jambo lililowaponza wengi: hati ya rufani inayokwenda Mahakama Kuu kwa shauri la namna yako huwasilishwa katika Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, nayo ndiyo inayoiambatanisha na jalada na kulipeleka juu.

Mahakama ya Rufani ni ngazi ya tatu kwako, na mlango wake ni mwembamba. Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, ni lazima kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kwa hati kwamba ndani yake kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa na majaji wa rufani. Kama ubishi wenu ni kwamba magunia yalikuwa 10 au 15, huko juu hakuna atakayeyahesabu upya. Kwa hiyo nguvu zako ziweke katika ngazi ya kwanza, kwa sababu Mahakama ya Wilaya inaweza kuupima ushahidi wote upya, na ikiona ipo sababu inaweza hata kupokea ushahidi wa ziada.

Nakupa mfano wa shauri lililopanda ngazi hizo vizuri. Mwaka 1988, katika Mkoa wa Kagera, mwanamke mmoja aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Ndugu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama ikakubali, ikabatilisha mauzo na kumwamuru mwanamke yule arudishe fedha. Akakata rufani Mahakama ya Wilaya ya Muleba. Huko hakimu alisema kwamba Katiba, ambayo tangu marekebisho ya 1984 ina haki za binadamu ndani yake, inamlinda mwanamke sawa na mwanamume, akaitengua hukumu ya chini. Safari hii ndugu yule ndiye aliyekata rufani, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akamkatalia. Hukumu ile inasomwa mpaka leo katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi, nayo haikuwahi kufika Mahakama ya Rufani. Ilitosha kwamba mtu mmoja alikwenda Muleba kwa wakati.

Kuhusu Mkuu wa Wilaya, mzee wako hakuota. Kulikuwa na wakati ambapo mambo yalikuwa hivyo, nami naeleza katika jibu linalofuata.

Swali: *Shikamoo. Ninasoma sheria mwaka wa kwanza. Mhadhiri wetu alitusomea hukumu ya 1957 ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, akasema mahakama zetu bado zinaifuata. Mahakama hiyo ilikuwa nini, na kwa nini haipo tena? – Mwanafunzi, Morogoro*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo mawakili wengi hawajawahi kujiuliza, ingawa hukumu za mahakama hiyo wanazitaja kila wiki.

Waingereza walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, waliunda Mahakama Kuu kwa amri ya kifalme ya mwaka 1920. Juu yake hawakujenga mahakama nyingine hapa nchini, kwa sababu tayari walikuwa na mahakama moja ya rufani kwa makoloni yao ya upande huu, iliyoundwa mwaka 1902. Tanganyika ikaunganishwa nayo. Aliyeshindwa huko, kama alikuwa na uwezo, alipeleka shauri lake London, kwenye Kamati ya Mahakama ya Baraza la Mfalme. Fikiria gharama ya safari hiyo ya karatasi kutoka Dodoma au Songea mpaka London, nawe utaelewa ngazi hiyo ilijengwa kwa ajili ya nani.

Maana kwa Mwafrika wa kawaida ngazi ilikuwa nyingine kabisa. Kesi yake ilianza katika mahakama ya wenyeji mbele ya chifu au liwali, na chini ya sheria ya 1929 rufani haikwenda kwa jaji: ilikwenda kwa Bwana Shauri, yaani Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mkuu wa Jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mtu yuleyule aliyekusanya kodi na kuamuru barabara ilimwe ndiye aliyepima kama chifu amekuhukumu kwa haki. Mwaka 1951 mfumo huo ulibadilishwa na ikaundwa Mahakama Kuu ya Rufani ya mashauri ya wenyeji, lakini ngazi zilibaki mbili, moja ya wenyeji na nyingine ya wengine. Kazi ya kuziunganisha ilifanywa baada ya Uhuru, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyotuletea Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi zikiwa zote chini ya Mahakama Kuu moja. Kwa maoni yangu, katika mabadiliko yote ya mahakama zetu hakuna lililo kubwa kuliko hilo, ingawa halina sherehe wala sanamu. Kwa mara ya kwanza mkulima na mwenye kampuni walikuwa na haki ya kufika kwa jaji yuleyule.

London tuliachana nayo Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962. Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, iliendelea kutuhudumia sisi, Kenya na Uganda, majaji wake wakisafiri kutoka mji hadi mji, na Mkataba wa Jumuiya wa 1967 uliihifadhi. Hukumu mliyosomewa bila shaka ni ile ya Pandya, inayosema kwamba mahakama ya rufani ya kwanza ni lazima iupitie ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, isiridhike tu kwamba hakimu wa chini hakukosea sana. Itafute pia ya Mukisa Biscuit ya 1969, iliyotoka Uganda, inayoeleza pingamizi la awali ni nini. Kaa siku moja katika chumba chochote cha Mahakama Kuu, iwe Mtwara au Musoma, na kuna uwezekano mkubwa utaisikia ikitajwa kabla ya saa sita mchana.

Kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mahakama ikavunjika nayo. Kenya iliunda mahakama yake ya rufaa mwaka huohuo. Sisi tulisubiri mpaka tarehe 15 Agosti 1979, Bunge liliporekebisha Katiba kwa Sheria Namba 14 ya mwaka huo na kuiunda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Jaji Mkuu alikuwa Francis Nyalali, aliyeshika nafasi hiyo tangu 1977 hadi 2000, na yeye ndiye aliyeilea tangu siku ya kwanza. Hukumu za mahakama ya zamani hazikutupwa. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini mwanafunzi wa Morogoro leo anasoma maneno ya majaji waliokaa Nairobi mwaka 1957.

Leo Katiba inataka Jaji Mkuu na Majaji wa Rufani wengine wasiopungua wanne, ingawa waliopo ni wengi zaidi. Rufani husikilizwa na majaji wasiopungua watatu, na wakitofautiana, wengi ndio wanaoamua. Mambo madogo ya njiani, kama kuongeza muda, anaweza kuyaamua jaji mmoja. Mahakama hiyo haikai mahali pamoja. Inapanga vikao na kuwafuata watu Mwanza, Arusha, Mbeya, Tabora, Bukoba, Zanzibar na kwingineko, na katika hilo imerithi desturi ya mama yake.

Swali: *Assalaam aleikum. Huku kwetu kesi za talaka na mirathi zinaanzia kwa kadhi. Je, mtu asiporidhika anaweza kufika Mahakama ya Rufani ya Tanzania? Na kama hawezi, mahakama hiyo inatuhusu nini sisi Wazanzibari? – Msomaji, Wete, Pemba*

Jibu: Waaleikum salaam. Kwa talaka na mirathi iliyoanzia kwa kadhi, hawezi. Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 99, inasema wazi kwamba mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za kadhi hayaendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na kwamba tafsiri ya Katiba ya Zanzibar yenyewe nayo haiendi huko. Yote mawili yanaishia Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambayo ni mahakama kamili yenye Jaji Mkuu wake, si tawi la ile ya Bara.

Mengine yote ya madai na jinai yakitoka Mahakama Kuu ya Zanzibar yanaweza kwenda Mahakama ya Rufani, kwa sababu mahakama hiyo imo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Wala si jambo la jina tu. Mwaka 2000, mbele ya majaji wa rufani, lilifika shauri la watu 18 walioshitakiwa Zanzibar kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi. Mwezi Novemba mwaka huo mahakama iliamua kwamba kosa la uhaini hufanywa dhidi ya dola lenye mamlaka kamili, na dola hilo ni Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo mashitaka yale hayakuwa na msingi. Wako waliofurahi na wako walioumia kwa kusikia Zanzibar ikielezwa hivyo. Hisia hizo nazielewa zote mbili. Lakini watu 18 walitoka katika shitaka ambalo adhabu yake ni kifo. Mgogoro wa Serikali ya Muungano na Serikali ya Zanzibar kuhusu tafsiri ya Katiba, huo hauendi hapo hata kidogo: umewekewa Mahakama Maalumu ya Katiba.

Niongeze jambo moja kwa kuwa najua watu wa Visiwani wanapenda historia yao. Rufani za kuvuka bahari si mpya kwenu. Katika karne ya 19, wakati wa mahakama ya konseli wa Uingereza mjini Zanzibar, aliyeshindwa alikata rufani Mahakama Kuu ya Bombay, huko India. Na baada ya Mapinduzi, tangu mwaka 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, kulikuwa na Mahakama za Wananchi ambazo hazikuruhusu mawakili kabisa. Msomaji mwenye umri wa kutosha atakuwa anazikumbuka vizuri kuliko mimi ninavyoweza kuzisimulia.

Swali: *Sisi Kenya tuna Mahakama ya Juu iliyo juu ya Mahakama ya Rufaa. Kwa nini nyinyi Tanzania hamna? Mtu akishindwa Mahakama ya Rufani anakwenda wapi? – Msomaji, Mombasa*

Jibu: Ndugu wa Mombasa, nchi zetu zilitoka katika mahakama moja mwaka 1977, kisha zikapita njia mbili. Nyinyi mliongeza ngazi kwa Katiba ya 2010, na hata hivyo si kila rufaa inaruhusiwa kuipanda. Kwetu, Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikuwa na Mahakama ya Juu ndani yake, lakini kura ya maoni haikupigwa, na wazo likabaki kwenye karatasi. Binafsi silalamiki sana. Mtu wa Kahama aliyeuliza mwanzoni tayari ana ngazi tatu mbele yake kwa deni la mpunga.

Aliyeshindwa Mahakama ya Rufani anaweza kuomba mapitio mbele ya mahakama hiyohiyo ndani ya siku 60, kwa sababu chache sana, kama vile kosa linaloonekana wazi kwenye uso wa hukumu au kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Kutoridhika tu si sababu. Mahakama mbili zilizopo Arusha, ya Afrika Mashariki na ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, si ngazi za rufani. Tofauti hiyo ilionekana katika shauri la mgombea binafsi la Mchungaji Christopher Mtikila, aliyedai kwamba mtu ana haki ya kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama cha siasa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, idadi isiyo ya kawaida, walitengua uamuzi huo na kusema hilo ni suala la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba nchi imevunja haki zake, lakini haikuifuta hukumu ya majaji saba, kwa kuwa haina uwezo huo. Mwishoni mwa 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuwaruhusu raia kuishitaki pale moja kwa moja, na tangu Novemba 2020, hatua hiyo ilipoanza kufanya kazi, raia hawezi tena kufungua shauri jipya pale moja kwa moja dhidi yake.

Swali: *Kaka yangu alihukumiwa miaka 30 mwaka jana na Mahakama ya Wilaya kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hatukuwa na wakili. Sasa nimempata mtu aliyekuwa naye usiku ule. Je, nikampeleke huyo shahidi Mahakama Kuu? Au tumekwisha chelewa? – Msomaji, Tabora*

Jibu: Pole sana, dada yangu. Nakujibu kwa uangalifu, maana katika barua zote hii ndiyo iliyonikalia moyoni.

Rufani si kesi mpya. Majaji hawamwoni mlalamikaji akitoa ushahidi, hawaoni panga lililotajwa, hawasikii sauti ya kaka yako ikitetemeka. Wanachokiona ni mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyoandikwa siku ile na hakimu. Kama shahidi wa pili alisema kulikuwa na taa, na hakimu hakuandika ilikuwa taa ya aina gani, wala mwanga wake ulifika wapi, huo upungufu wa maandishi unaweza kuwa sababu kubwa ya rufani kuliko shahidi wako mpya. Nikiwa masjala niliwahi kupokea jalada kutoka mahakama moja ya chini ambamo kurasa za shahidi wa tatu hazikuwepo. Zilitafutwa kwa miezi, na muda wote huo mtu alikuwa ndani akisubiri tarehe. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kuitafuta ni nakala ya mwenendo pamoja na nakala ya hukumu.

Shahidi mpya anaweza kupokelewa Mahakama Kuu kwa nadra, kukiwa na maelezo mazuri ya kwa nini hakuletwa tangu mwanzo, tena kwa maombi maalumu. Usimpeleke tu mlangoni. Fahamu pia kwamba kama kaka yako alikiri kosa, anaweza kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake.

Kuhusu muda, sheria ya mwenendo wa jinai inataka mambo mawili: taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati ya rufani yenyewe ndani ya siku 45. Aliyechelewa anaomba Mahakama Kuu imwongezee muda kwa sababu za msingi, na majaji wetu wamekuwa wakali: wanataka kila siku ya kuchelewa ielezwe. Mfungwa hufanya yote hayo kupitia kwa mkuu wa gereza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wasiolipwa na mteja. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, au ulizia gerezani penyewe.

Ila kabla ya kuandika maombi yoyote, siku ya kumtembelea muulize swali moja: je, siku za kwanza alipoingia gerezani alitia saini au dole gumba kwenye fomu ya kusema atakata rufani? Wafungwa wengi huijaza, na kwa mshituko wa siku zile wanaisahau. Kama aliijaza ndani ya zile siku 10, na tangu hapo amekuwa akisubiri nakala ya mwenendo na hukumu, sheria inauondoa muda wote wa kusubiri nakala katika hesabu ya siku 45. Basi huenda hajachelewa hata siku moja, na kinachotakiwa ni kuandika barua ya kukumbushia nakala, kuhakikisha imegongwa muhuri wa tarehe ilipopokelewa, na kubaki na nakala yako.